Serikali Ikidhulumu, Nani Ataihukumu?

Somo kwa wakatekumeni, juu ya amri ya tano na ya saba

Mtu asimamapo juu ya vilima vya Mumosho, kusini ya mji wa Bukavu, huuona mto Ruzizi ukishuka bondeni. Maji yake yatoka ziwa Kivu, nayo yaenda ziwa Tanganyika. Upande wa huku ni Kongo; ng'ambo ni Rwanda. Watu wa pande zote mbili hulima mihogo na maharagwe, huvuka kwenda sokoni, na wengine wameoana. Lakini mto huo ni mpaka wa mataifa. Tangu mwaka 1996 vita vimepita katika nchi ya Kivu mara nyingi, na jamaa nyingi zimezika wafu wao bila kusikia hata siku moja nani atajibu kwa ajili yao.

Kwa hiyo, mafundisho yafikapo kwenye amri ya tano inayokataza kuua, na amri ya saba inayokataza kuiba, swali moja hutokea. Mzee huinua mkono, au mama aliyefiwa, akasema: "Mwalimu, mtu akimwua jirani yake hupelekwa mbele ya hakimu. Mtu akiiba mbuzi huitwa barazani. Lakini serikali ikituma askari wavuke mpaka, wakaua na kupora, nani ataiita barazani? Au amri za Mungu ni za watu wadogo tu?"

Swali hilo ni la haki, wala katekista asilikwepe. Jibu fupi ndilo hili: serikali nayo ina hukumu, na zimekwisha kuwako serikali zilizohukumiwa, hata kwa mambo yaliyotendeka Kongo. Jibu refu ni gumu zaidi, kwa maana hukumu hiyo huja polepole, haifiki kila mahali, na huhitaji ukweli ulioandikwa. Somo hili laeleza yote mawili.

1. Mfalme na shamba la maskini

Katika Vitabu vya Wafalme imo habari ya Nabothi. Mtu huyo alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitamani. Nabothi alikataa kuliuza, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Basi Yezabeli, mke wa mfalme, aliandika barua kwa jina la mfalme na kuzitia mhuri. Wakaletwa mashahidi wa uwongo, Nabothi akapigwa mawe mpaka akafa, na mfalme akashuka kulichukua shamba.

Mkatekumeni na aangalie mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza, mfalme hakumpiga Nabothi hata jiwe moja kwa mkono wake. Kazi ilifanywa na wazee na watu wa mji, kwa barua yenye mhuri. La pili, nabii Eliya hakwenda kuwatafuta wapiga mawe kwanza. Alikwenda kwa mfalme mwenyewe, akamkuta shambani, akamwambia kwamba ameua na tena amerithi. Ulikuwa mhuri wake, basi damu ile ilikuwa juu yake.

Tangu zamani, basi, watu walijua kwamba mwenye mamlaka hujibu kwa yatendwayo kwa jina lake. Lililokosekana kwa miaka mingi ni baraza la kumwita.

2. Serikali ni kama mwenye ng'ombe

Tuseme ng'ombe wa mtu wameingia katika shamba la jirani na kuyala maharagwe yote. Mwenye ng'ombe aweza kusema: "Mimi nilikuwa nimelala. Mchungaji ndiye aliyewaacha." Wazee wa baraza hawatakubali. Watamwambia: "Ng'ombe ni wako, na mchungaji ni wako. Ulipe. Kisha ukitaka, umhukumu mchungaji wako nyumbani."

Hivyo ndivyo sheria ya mataifa isemavyo juu ya serikali na askari wake. Askari aliyevaa nguo ya jeshi, aliyetumwa na serikali, akiua raia, tendo lake ni tendo la serikali ile. Hata kama alivunja amri ya mkubwa wake, serikali haiwezi kunawa mikono. Tena, mwenye ng'ombe akifa, deni halifi: mrithi aliyepokea zizi hupokea na deni. Vivyo hivyo rais aweza kuondoka, na chama kingine kikashika utawala, lakini taifa ni lile lile na deni lake ni lile lile.

Sheria ya mataifa imetoka wapi? Sehemu yake kubwa imetoka katika mikataba, yaani ahadi ambazo serikali zimeandika na kutia sahihi. Baada ya vita kuu ya pili ya dunia, mataifa yaliunda Umoja wa Mataifa mwaka 1945. Tarehe 10 Desemba 1948 yalitangaza mjini Paris Tangazo la Haki za Binadamu kwa Watu Wote. Mwaka 1949 yalikubaliana mjini Geneva juu ya mikataba minne ya vita: mwenye jeraha, mfungwa na raia asiyeshika silaha wasiuawe wala wasiteswe. Afrika nayo ilikuwa na neno lake. Mwaka 1981, mjini Nairobi, wakubwa wa serikali za Afrika walikubali Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, ambao ulianza kuwa sheria mwaka 1986. Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda zote zimeukubali mkataba huo.

Serikali iliyovunja ahadi hizo yapaswa kufanya nini? Mkatekumeni aliyejifunza Kitubio atafahamu upesi. Yapaswa kuacha kosa lile. Yapaswa kuahidi kutolirudia. Na yapaswa kufanya malipizi, ama kwa kurudisha kilichochukuliwa, ama kwa kulipa fidia, ama kwa kukiri kosa mbele ya watu. Mwizi anayetubu huku mbuzi wa jirani angali zizini mwake hajatubu bado. Na serikali ni hivyo hivyo.

Yafaa tena kutofautisha mashauri mawili ambayo watu huyachanganya, kwa sababu yote mawili hukatwa katika mji mmoja wa La Haye, katika nchi ya Uholanzi. Iko Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo huhukumu mtu mmoja mmoja na kumtia gerezani. Ndiyo iliyomhukumu Thomas Lubanga mwaka 2012 kwa kuwaingiza watoto wadogo katika jeshi lake huko Ituri. Na iko Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyo ya Umoja wa Mataifa, ambayo haimfungi mtu yeyote. Hiyo huhukumu taifa na taifa. Somo hili lahusu hasa hiyo ya pili.

3. Kesi ya Kongo na Uganda

Mwezi wa Agosti 1998 vita vilianza tena mashariki ya Kongo. Tarehe 23 Juni 1999 serikali ya Kongo iliandika mashtaka matatu mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki: moja juu ya Burundi, moja juu ya Rwanda, moja juu ya Uganda. Mashtaka juu ya Burundi na Rwanda yaliondolewa na Kongo yenyewe mwaka 2001. Yale juu ya Uganda yaliendelea.

Mahakimu walisoma maandiko, wakasikiliza pande zote, na tarehe 19 Desemba 2005 wakatoa hukumu. Walisema kwamba Uganda ilivunja sheria ya mataifa kwa kutumia nguvu za silaha katika nchi ya wenyewe. Walisema kwamba katika Ituri jeshi la Uganda lilikuwa limeishika nchi, kwa hiyo lilipaswa kuwalinda watu wake. Walisema kwamba askari wa Uganda waliua raia, waliwatesa, waliharibu vijiji, waliwafundisha watoto vita, na walichochea ugomvi wa makabila. Juu ya dhahabu, almasi na mali nyingine ya ardhi, mahakimu hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba serikali ya Uganda yenyewe iliweka mpango wa kupora. Lakini askari wake na wakubwa wa askari walipora, na serikali haikuwazuia. Kwa hiyo serikali ilikuwa na kosa. Hapa msomaji aona tena ile sheria ya mwenye ng'ombe na mchungaji wake.

Iko pia habari ya Kisangani. Mwezi wa Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Uganda na la Rwanda, yalipigana kwa siku sita ndani ya mji huo wa Kongo. Wenyeji hawakuwa na ugomvi wowote katika vita ile, lakini mabomu yaliangukia nyumba zao. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Baada ya hukumu, mataifa hayo mawili yaliambiwa yapatane juu ya fidia. Miaka ilipita bila mapatano. Mwaka 2015 Kongo ilirudi mbele ya mahakimu, na tarehe 9 Februari 2022 mahakimu wakakata shauri: Uganda ilipe dola milioni 325. Katika hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa, waliojeruhiwa, waliobakwa, waliotiwa jeshini wangali watoto na waliokimbizwa makwao. Milioni 40 ni kwa ajili ya mali iliyoharibiwa. Milioni 60 ni kwa ajili ya utajiri wa nchi. Fedha zigawanywe kwa miaka mitano, milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Uganda haikukubali kwamba hukumu ile ilikuwa ya haki, lakini mwezi huo wa Septemba 2022 ilileta fungu la kwanza.

Jambo hilo si dogo. Methali yasema, "Mwenye nguvu mpishe." Watu wanyonge wameifuata tangu zamani, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Lakini hapa mwenye silaha aliitwa, akaja, akasikia kosa lake likisomwa mbele ya dunia, na akafungua mfuko. Haikuwa kwa vita nyingine wala kwa kulipa kisasi, bali kwa sheria.

4. Kwa nini vilio vya Kivu ya Kusini havikusikilizwa

Hapo ndipo mama yule wa Mumosho atauliza tena: "Na sisi je? Fedha hizo ni kwa ajili ya Ituri, Kisangani na mahali pengine jeshi la Uganda lilipofika. Wafu wa Kivu ya Kusini nao wanaye wa kuwajibia?"

Yapasa kumjibu kwa ukweli. Kongo ilirudi tena mahakamani tarehe 28 Mei 2002, ikaishtaki Rwanda. Lakini tarehe 3 Februari 2006 mahakimu walisema kwamba hawana uwezo wa kuisikiliza kesi ile. Sababu yake ni hii. Mahakama ya Kimataifa ya Haki haiwezi kuihukumu serikali isipokuwa serikali hiyo imekubali kuhukumiwa nayo. Uganda ilikuwa imekubali kwa maandishi tangu mwaka 1963, na Kongo tangu mwaka 1989; ndiyo maana kesi yao iliweza kukatwa. Rwanda haikuwa imekubali namna hiyo. Hata katika mkataba wa kukataza mauaji ya kimbari, iliposhiriki, iliweka sharti kwamba haikubali sehemu ile inayoipa Mahakama nguvu ya kuhukumu.

Mtu wa kijijini ataona jambo hilo kuwa la ajabu. Mwizi wa mbuzi haulizwi kwanza kama akubali kuitwa barazani! Kweli ni hivyo, na hapo ndipo udhaifu mkubwa wa sheria ya mataifa. Juu ya watu wa kijiji yuko chifu, na juu ya chifu yuko mwami. Lakini mataifa yamekaa kama wenye nyumba wasio na mwami juu yao: wameelewana kujenga baraza, lakini kila mmoja ameshika ufunguo wa mlango wake.

Hata hivyo mahakimu wenyewe waliongeza neno ambalo yapasa kulishika sana. Walisema kwamba kukosa uwezo wa kuhukumu ni jambo moja, na kuwa na haki au kosa ni jambo lingine. Serikali, iwe imekubali baraza au haikukubali, yabaki na wajibu wa kushika sheria, na hujibu kwa matendo yake. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba mwaka 2006 Rwanda ilionekana haina kosa. Wala asiseme kwamba ilionekana ina kosa. Mashtaka hayakusikilizwa, basi. Kutohukumiwa si kuhesabiwa haki.

5. Mlango wa Afrika

Mlango mmoja ukifungwa, watu hubisha mlango mwingine. Kongo ilikuwa imepeleka malalamiko pia mwaka 1999 mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, juu ya Burundi, Rwanda na Uganda pamoja. Katika malalamiko hayo yalitajwa mambo ya Kivu ya Kusini yenyewe, kama mauaji ya Kasika, katika nchi ya Mwenga, mwezi wa Agosti 1998. Ilitajwa pia jinsi bwawa la umeme la Inga lilivyoshikwa, umeme ukakatika hata hospitalini. Mwezi wa Mei 2003 Tume ilisema kwamba serikali hizo zilivunja Mkataba wa Afrika, ikashauri askari waondoke na fidia ilipwe kwa ajili ya walioumizwa.

Lakini Tume si mahakama. Neno lake ni shauri, na shauri laweza kuwekwa kando. Ndiyo sababu Waafrika walianzisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyo na makao yake Arusha, katika nchi ya Tanzania. Hiyo hutoa hukumu, siyo shauri tu. Mwaka 2023 Kongo iliishtaki Rwanda mbele ya mahakama hiyo, kwa mambo yaliyotendeka mashariki ya Kongo. Rwanda ilikana, ikasema tena kwamba mahakimu hawana uwezo wa kusikiliza. Safari hii jibu lilikuwa lingine. Tarehe 26 Juni 2025 mahakimu wa Arusha walisema kwamba wanao uwezo, na kwamba kesi yapasa kusikilizwa. Siku hiyo hawakukata bado nani mwenye kosa. Walifungua mlango tu.

Watu wa Mumosho wafahamu uzito wa neno hilo. Miezi minne kabla yake, mwezi wa Februari 2025, waasi wa M23 walikuwa wameingia Bukavu. Mwezi huo huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililitaka jeshi la Rwanda liache kuwasaidia waasi hao na litoke katika nchi ya Kongo. Mlango uliofunguliwa Arusha haukumrudisha mfu yeyote, wala haukuondoa bunduki barabarani siku ile. Lakini mtu aliyebisha kwa miaka zaidi ya ishirini ajua tofauti ya mlango uliofungwa na ule uliofunguliwa.

6. Mshtaki naye huhukumiwa

Iko hatari moja ambayo mwenye kudhulumiwa huiangukia upesi: kufikiri kwamba kwa kuwa yeye ametendewa mabaya, mabaya yake mwenyewe hayahesabiwi. Sheria ya mataifa haikubali hivyo, wala dhamiri haikubali.

Katika hukumu ile ile ya mwaka 2005, mahakimu waliiambia Kongo nayo kwamba ina kosa. Mwaka 1998 mjini Kinshasa askari wa Kongo waliivamia nyumba ya balozi wa Uganda, wakawatendea vibaya watu waliokuwa chini ya ulinzi wa ubalozi, na mali ikachukuliwa. Basi Kongo iliyokuja kama mshtaki iliondoka na deni lake pia, hata kama lilikuwa dogo kuliko la mwenziwe.

Tena, liko shauri la Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara wa Guinea aliyekaa Kongo miaka mingi. Mwaka 1995 na 1996 alikamatwa, akafungwa, akafukuzwa nchini bila kuonyeshwa sababu ya haki. Nchi yake ilimtetea, na mwaka 2010 Mahakama ya La Haye ilisema kwamba Kongo ilivunja haki zake. Mwaka 2012 iliiamuru Kongo ilipe dola 95,000. Mahakimu wa dunia nzima walikaa kwa ajili ya mtu mmoja. Haki za binadamu hazingoji wafu wafike elfu. Zaanza na mtu mmoja aliyefungwa bila sababu.

Kwa hiyo mkatekumeni apendaye haki na aipende yote. Akidai kwamba askari wa kigeni wajibu, adai pia kwamba askari wa nchi yake wajibu. Akiona mkubwa wa kijiji anamtoza mjane zaidi ya haki, asinyamaze kwa sababu mkubwa yule ni wa ukoo wake.

7. Hesabu ya wafu

Liko jambo moja katika hukumu ya mwaka 2022 ambalo lawahusu watu wa vijijini kuliko mengine yote. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11, na ilisema kwamba waliokufa ni 180,000. Mahakimu waliuliza: Ushahidi uko wapi? Majina yako wapi? Vyeti vya kifo viko wapi? Nani aliona, siku gani, mahali gani? Kwa sehemu kubwa havikuwako. Mahakimu walitambua kwamba ni vigumu kupata maandishi wakati wa vita, lakini hawakuweza kuikubali hesabu isiyoshuhudiwa. Walikadiria kwamba vifo ambavyo Uganda yapaswa kuvijibia vilikuwa kati ya 10,000 na 15,000, nao wakaweka fidia kwa makadirio.

Basi wako wafu ambao dunia haikuweza kuwahesabu, si kwa sababu hawakufa, bali kwa sababu hakuna aliyeandika. Walizikwa usiku, au njiani, au migombani, na mashahidi wakakimbia kila mmoja na njia yake.

Wako waliofahamu mapema kwamba kusema na kuandika ni kazi ya haki. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu alipaza sauti kwa ajili ya wenyeji na wakimbizi pia, mpaka alipouawa mjini Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Aliyemfuata, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, alisema wazi juu ya mateso ya watu wake, na mwaka 2000 wenye silaha waliokuwa wakitawala walimzuia asirudi Bukavu kwa miezi saba. Baadaye watu wa Umoja wa Mataifa walipita nchini, wakawauliza mashahidi zaidi ya 1,280, na tarehe 1 Oktoba 2010 wakatoa taarifa yenye matukio 617 ya maovu makubwa yaliyotendeka Kongo kati ya mwaka 1993 na 2003. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, alipopokea tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, aliikumbusha dunia kwamba taarifa hiyo ingali imelala katika mtoto wa meza. Imelala, lakini ipo. Maandishi hungoja hakimu bila kuchoka, na yule aliyeyatunza amewatunza wafu.

8. Yampasayo mkatekumeni

Mtu wa Mumosho hawezi kwenda La Haye wala Arusha na fimbo yake. Lakini yako anayoweza.

Aandikishe kila mtoto anayezaliwa na kila mtu anayekufa katika jamaa yake, kwenye ofisi ya serikali na katika vitabu vya misioni. Asiyeandikwa kwamba alizaliwa, ni vigumu kushuhudia kwamba aliuawa.

Aliyeona kwa macho ashuhudie alichoona, asiongeze wala asipunguze. Mashahidi wa uwongo ndio waliomwua Nabothi. Tena uwongo unaosemwa kwa nia ya kuwasaidia wafu huwadhuru, kwani hakimu akigundua neno moja la uwongo, huyatilia shaka maneno mia ya kweli. Na jina la mwanamke au mtoto aliyetendewa aibu lisitangazwe ovyo. Atajwe mbele ya wale tu wenye kazi ya kumsaidia, naye akiwa amekubali.

Asimhesabie jirani deni la serikali. Serikali ikikosa, hukosa serikali. Mama anayevuka Ruzizi na kikapu cha nyanya hakutia sahihi amri yoyote ya vita. Sheria ya mataifa hulidai taifa fidia kwa njia ya baraza, ili watu wasidaiane damu kwa njia ya panga. Mtu anayemchukia kila mtu wa ng'ambo ameacha haki na kushika kisasi.

Mwisho, fidia ikija, wenye kuigawa wakumbuke ni ya nani. Serikali ya Kongo imeanzisha mfuko wenye makao Kisangani kwa ajili ya fedha za Uganda. Fedha hizo zimetajwa kwa ajili ya walioumia. Mkubwa atakayezila atakuwa amempora Nabothi mara ya pili.

Maswali ya kukumbuka

Swali: Je, serikali yaweza kuwa na kosa kama mtu?
Jibu: Ndiyo. Serikali hujibu kwa matendo ya askari na watumishi wake, hata kama walivunja amri.

Swali: Serikali iliyokosa yapaswa kufanya nini?
Jibu: Yapaswa kuacha kosa, kuahidi kutolirudia, na kufanya malipizi.

Swali: Kwa nini Mahakama ya La Haye iliihukumu Uganda lakini haikuihukumu Rwanda?
Jibu: Kwa kuwa Uganda ilikuwa imekubali kuhukumiwa na Mahakama hiyo, na Rwanda haikuwa imekubali.

Swali: Je, serikali isiyohukumiwa imehesabiwa haki?
Jibu: La. Wajibu wake wabaki, hata kama hakuna baraza la kuiita.

Swali: Kazi ya mtu mdogo ni ipi katika jambo hili kubwa?
Jibu: Kushuhudia kweli, kuandikisha waliozaliwa na waliokufa, kudai haki kwa serikali yake pia, na kutomchukia jirani.

Katekista akimaliza somo, awape wakatekumeni kazi moja ya kufanya nyumbani. Kila mmoja akae na wazee wa jamaa yake, aandike katika daftari majina ya wafu wao, na mwaka na mahali walipofia, kadiri wanavyokumbuka kwa hakika. Asiyejua kuandika amwombe mwanawe aliye shuleni. Daftari hilo lihifadhiwe mahali pakavu.